Rauta Haichimbi Mtaro

Siku hizi mzee akipewa kipaza sauti kwenye mkutano wa mtaa, hapa Mbezi Luis au kwingineko, huwa na neno moja kwa vijana: jiongezeni. Ajira hakuna? Jiongeze. Umemaliza chuo, huu mwaka wa nne uko kwa mama yako? Jiongeze. Neno lenyewe ni lao vijana. Sisi tumeliazima tukaligeuza fimbo ya kuwachapia. Mikutano hiyo nimehudhuria ya kutosha, na kila nikilisikia neno hilo akili inanirudisha kwenye kazi iliyonilea, kazi ya kufikisha sauti ya mtu wa hapa kwenye sikio la mtu wa kule. Katika kazi hiyo kuchagua njia ni jambo moja, na njia kuwepo ni jambo jingine kabisa. Nataka nilieleze hilo kwa kupitia mashine ambazo rika langu halikuzijua na ambazo rika la wajukuu zetu linazitegemea kutwa kucha.

Nilikuwa fundi wa simu. Nilianza kazi Posta na Simu ikiwa bado shirika la nchi tatu, makao makuu Kampala. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, tukabaki na shirika letu wenyewe, na mwaka 1994 upande wa simu ukatengwa na posta ukawa TTCL. Majina yalibadilika, nguzo zilibaki zilezile.

Simu ya wakati wetu ilitembea kwenye njia iliyoandikwa mapema. Mtu wa Dar es Salaam akitaka kuongea na Mbeya, wahandisi walikwishaamua zamani sauti yake itapita vituo gani, kimoja baada ya kingine, na uamuzi huo ulikaa kwenye michoro ofisini na kwenye nyaya nyuma ya mitambo. Opereta alichomeka waya pale alipofundishwa kuchomeka. Shaba ikikatwa na wezi huko porini, simu haiendi, basi. Mteja anaambiwa laini mbovu, ajaribu baadaye, na hiyo baadaye iliweza kuwa Jumatatu ya wiki nyingine. Sisi mafundi tulipanda gari tukafuata nguzo mpaka tuone palipokatika. Mtandao wenyewe haukuwa na akili ya kujitafutia pa kupita. Akili yote ilikuwa makao makuu.

Na maisha yetu yalikuwa hivyohivyo, jambo ambalo wazee wenzangu hawapendi nikilisema kijiweni. Aliyemaliza chuo alingoja barua ya kupangiwa kazi, na barua ilikuja. Umepangiwa Sumbawanga, unakwenda Sumbawanga. Ulilalamikia baridi, ulilalamikia umbali, lakini hukukesha ukijiuliza utapita wapi. Mishahara ilikuwa midogo na dukani sukari hakuna. Sitaki kuipaka rangi enzi ile. Ila njia ilikuwa imeandikwa. Leo tukisimama mbele ya vijana tukasema sisi tulijituma, ile barua tunairuka.

Jirani yangu ana kijana aliyekulia machoni pangu. Amesomea mitandao ya kompyuta, na sasa anafanya kazi za zamu kwenye chumba cha kuangalia mitambo cha kampuni moja ya intaneti. Si mjukuu wangu wa damu lakini ananiita babu, nami namwita mjukuu, na akitoka zamu ya usiku hupita kunipa shikamoo kabla ya kwenda kulala. Tulianza kwa ubishi. Nilimwuliza ofisi inayopanga njia za intaneti iko wapi. Akacheka.

"Haipo, babu."

"Haipo vipi? Ramani anayo nani?"

"Hakuna mwenye ramani ya dunia nzima. Kila mmoja anawajua jirani zake, na yale ambayo jirani wamemwambia."

Nilidhani ananitania. Mtu aliyezeekea kwenye simu hawezi kuyameza maneno hayo kirahisi. Basi akakaa akanieleza, siku hiyo na siku nyingine nyingi, nami nayasimulia kwa namna nilivyoyaelewa.

Ujumbe wako wa WhatsApp, uwe picha au sauti, hukatwakatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubandikwa anwani ya inakokwenda. Rauta, yaani mashine ya kuelekeza pakiti, ikiipokea inatazama jedwali lake, inaona anwani za namna hiyo hutokea mlango gani, inaitoa kwa mlango huo na kuisahau. Haiifuatilii. Rauta inayofuata nayo hufanya vilevile. Msafiri kutoka Tabora akishuka kwenye stendi yetu ya Magufuli akauliza njia ya Kunduchi, bodaboda hatamchorea ramani ya jiji. Atamwambia panda gari za Goba, ukifika barabara ya Bagamoyo uliza tena. Kule atamkuta mwingine anayeijua hatua inayofuata. Kati yao hakuna aliyemsindikiza wala aliyeijua safari yote, na msafiri anafika.

Sasa hilo jedwali hujazwa na nani? Unaweza kulijaza kwa mkono, mstari kwa mstari, kama tulivyofanya sisi. Mafundi bado hufanya hivyo kwenye mitandao midogo. Lakini mtandao ukikua mkono hautoshi, na njia ikikatika saa nane za usiku hakuna mtu wa kuufuta mstari uliokufa. Hapo ndipo zinapoingia itifaki za upangaji njia. Ni kanuni ambazo rauta hutumia kuambiana nani anafikika kupitia wapi, bila kumwamsha mtu.

Ya kale kati ya zinazofundishwa vyuoni ni RIP, iliyowekwa kwenye maandishi rasmi mwaka 1988. Kila sekunde 30 rauta huwatangazia jirani zake jedwali lake lote: mtandao fulani naufikia kwa hatua mbili, fulani kwa hatua tano. Jirani anayesikia anaongeza moja, anaandika kwake, naye anatangaza. Ni rahisi kuielewa, na ina ugonjwa ambao nilipoelezwa nilicheka mpaka nikakohoa. Tuseme rauta ya kwanza imepoteza njia ya kwenda mahali. Kabla haijasema, inaisikia ya pili ikitangaza: mimi napafikia kwa hatua mbili. Haijui kwamba hatua hizo mbili zilikuwa zinapitia kwake yenyewe. Inaamini, inaandika tatu. Ya pili inasikia tatu, inaandika nne. Ya kwanza tano. Zinapandishiana hivyo, kila moja ikishikilia maneno yaliyotoka kinywani mwake, na pakiti zinazunguka katikati yao hadi zichoke. Ni kweli huchoka: kila pakiti hupewa idadi ya hatua za kuishi, zikiisha hutupwa. Dawa waliyoweka kwenye RIP ni kwamba hatua 16 zihesabiwe kuwa hakufikiki, mabishano yakome hapo. Na ipo kanuni nyingine ninayoipenda zaidi: jirani usimrudishie habari uliyoipata kwake.

Nilimwambia mjukuu kwamba kanuni hiyo ikiwekwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo, nusu ya misiba ya uongo itakwisha. Akasema, kwa adabu zote, kwamba wanaoongoza kuisambaza ni wazee. Hapo sikuwa na la kujibu.

Ikaja namna nyingine, na maarufu yake ni OSPF. Hapa rauta haisambazi hitimisho lake, inasambaza ilichokiona tu: mimi nimeungana na fulani na fulani, na waya huu gharama yake ni kiasi hiki. Tangazo hilo huwafikia wote ndani ya mtandao, kila rauta inajichorea ramani na kujihesabia njia iliyo nafuu. Hesabu yenyewe aliibuni Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1956, akinywa kahawa na mchumba wake Amsterdam, kwa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi. Rauta hizi kwa kawaida hupigiana hodi kila sekunde 10, na jirani asiyesikika kwa sekunde 40 huhesabiwa amekufa na ramani huchorwa upya bila yeye. Kwa kipimo hicho wanangu wawili walioko mikoani ningekwishawafanyia arobaini.

Lakini ramani hiyo huishia kwenye mipaka ya kampuni moja. Nje ya hapo ndipo intaneti hasa ilipo, na nje ya hapo hakuna ramani. Ipo mitandao zaidi ya 70,000 duniani, kila mmoja na mkubwa wake, kila mmoja na namba yake ya utambulisho. Za Afrika tangu 2005 hutolewa na AFRINIC, ofisi zake Mauritius. Mitandao hiyo yote huzungumza kwa itifaki moja, BGP. Ilizaliwa Januari 1989 kwenye mkutano wa wahandisi huko Austin, Texas. Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM walikaa mezani wakati wa chakula wakaichora kwenye karatasi za kufutia mikono. Ilikuwa dawa ya kutuliza tu wakati wataalamu wakitafuta tiba kamili. Tiba kamili haikuja, na karatasi zile ndizo zilizoibeba dunia hadi leo.

BGP hufanya kazi kwa matangazo. Mtandao unasema: anwani hizi ni zangu. Jirani yake anapeleka mbele: anwani hizo zinafikika kupitia kwangu, kisha kwake. Wa tatu anaongeza jina lake, na kadhalika, kwa hiyo tangazo husafiri na orodha ya wote liliowapitia. Ukiona namba yako mwenyewe kwenye orodha, unalitupa. Ule ugonjwa wa RIP ukapona kwa namna hiyo. Kinachonivutia zaidi ni jinsi inavyochagua. Ufupi wa njia hauulizwi kwanza. Kwanza huulizwa masilahi: mteja anayenilipa, njia yake naitanguliza; jirani tunayebadilishana naye bure anafuata; yule ninayemlipa mimi, nitapita kwake nikikosa pengine. Nilipolisikia hilo nikaelewa kitu kilichonisumbua miaka mingi.

Intaneti ilipoingia nchini miaka ya 1990, barua pepe ya kutoka Kariakoo kwenda Mwenge iliweza kupaa kwa satelaiti kilomita 36,000 juu, ikashukia Ulaya au Marekani, ikapaa tena, ikashukia Mwenge. Kampuni mbili za Dar es Salaam, madirisha yake yakitazamana, hazikuwa na uhusiano wowote isipokuwa kila moja kumlipa bwana wake wa ng'ambo kwa dola. Rauta zilikuwa sahihi kabisa. Zilifuata matangazo zilizokuwa nayo. Dawa ilikuwa chumba kimoja chenye mtambo wa kuunganisha kampuni zote, zibadilishane data hapahapa. Nairobi walifungua cha kwao Novemba 2000. Telkom Kenya, waliokuwa na haki ya peke yao ya kupitisha mawasiliano ya nje, wakalalamika, mdhibiti akaamuru kifungwe, na kilifunguliwa tena mwaka 2002. Cha Dar es Salaam, TIX, nacho kikaja kwa juhudi za watoa huduma wenyewe mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000.

Tazama nani alikuwa upande gani. Waliopinga walikuwa watu wa simu, watu wa rika langu, waliozoea kwamba mawasiliano yana mwenyewe na njia zina mlinzi. Waliopigania walikuwa vijana wa wakati ule, wenye vikampuni vidogo na madeni ya satelaiti. Sikushiriki upande wowote. Nilikuwa kazini na koleo langu. Ila namjua mzee aliyelalamika ingawa sijapata kumwona, kwa sababu hofu yake naifahamu: mtandao usio na makao makuu ulionekana kwetu sawa na nyumba isiyo na baba.

Na hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa maana BGP inaamini mno. Tarehe 24 Februari 2008 serikali ya Pakistan iliagiza YouTube ifungwe nchini humo. Shirika lao la simu likatangaza ndani ya mtandao wake kwamba sehemu ya anwani za YouTube ziko kwake, ili kila anayeitafuta aishie kwenye shimo. Tangazo likavuja. Kampuni ya Hong Kong iliyokuwa ikiwapatia njia ya nje ikalipokea bila kuuliza, ikalipeleka mbele. Kwa kuwa lilitaja kipande kidogo cha anwani kuliko tangazo la YouTube wenyewe, rauta za dunia zikalipendelea, maana kanuni ni kwamba aliyetaja mahali kwa karibu zaidi ndiye anayefuatwa. Kwa saa mbili hivi watu wa mabara yote waliotaka video walipelekwa Pakistan kutupwa. Na tarehe 4 Oktoba 2021 yakawa ya upande wa pili: amri iliyokosewa wakati wa matengenezo iliikata Facebook ndani kwa ndani, na matangazo ya kuzielekea seva zake za majina, zile zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani, yakaondolewa. Majengo yapo, umeme upo, seva zinawaka, ila duniani hakuna rauta iliyojua pa kuzifuata. WhatsApp, iliyo ya kampuni hiyohiyo, ilikaa kimya saa kama sita. Huku kwetu watu walizima simu wakawasha, wakanunua vifurushi vipya, wakagombana na waliowauzia.

Mjukuu ananiambia siku hizi matangazo yanaweza kutiwa sahihi ya kidijitali, ili jirani athibitishe kwamba mwenye kutangaza ana haki na anwani hizo. Vizuri. Yapo mengi ya kusema hapo, lakini hayo ni ya mafundi na mimi nina jambo la Mei 2024.

Jumapili ya tarehe 12 mwezi ule mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. SEACOM ndio uliotufikia kwanza, Julai 2009, kilomita 17,000 za nyuzi za kioo. EASSy ukafuata mwaka 2010. Kabla ya mikongo hiyo tuliishi kwa satelaiti, na kijana aliyezaliwa baada ya hapo hajui maana ya kusubiri ukurasa mmoja ufunguke huku unahesabu dakika za internet café. Upande wa kaskazini nako kulikuwa na kidonda: Februari ya mwaka huohuo mikongo kadhaa, SEACOM ukiwemo, ilikatika Bahari ya Shamu. Mkongo mpya wa 2Africa ulikwishafikishwa ufukweni Dar es Salaam mwaka 2023, lakini ujenzi wake ulikuwa bado haujakamilika.

Itifaki zilifanya kazi yake. Hilo naliomba lisikike. Rauta za Dar es Salaam ziliona jirani wamenyamaza, zikafuta njia zilizokufa, zikapeana habari, zikatafuta nyingine, na yote hayo yalikwisha kabla binadamu hajamaliza kuuliza kuna nini. Kazi ambayo sisi ingetuchukua gari, ngazi na wiki nzima. Tatizo ni kwamba zilizopatikana zilikuwa nyembamba: satelaiti, na nyaya za nchi kavu za kuvuka mpaka wa kaskazini kwenda kuomba nafasi kwenye mikongo ya Mombasa. Mawasiliano ya nchi nzima yakasukumwa humo. Pakiti zikapanga foleni, foleni zikajaa, zilizozidi zikatupwa. Simu zilionyesha mtandao upo na hakuna kilichofunguka. Ubalozi wa Marekani hapa jijini ulifunga huduma kwa umma siku mbili. Mawakala wa pesa wa Mbezi Mwisho walikaa wamejishika tama.

Kijana wetu alilala kazini. Ananiambia kazi yao siku zile haikuwa kutafuta njia, maana hizo mashine zimekwishazitafuta. Ilikuwa kuamua nani apite na nani angoje kwenye kijia kilichobaki. Malipo ya benki yapite, video zingoje. Ni uamuzi mgumu kwa mtu wa miaka ishirini na kitu, na sikumsikia kiongozi yeyote akiwataja wao. Alipopita kunisalimu, macho mekundu, kulikuwa na mzee mwenzangu barazani. Mzee akamvaa: nyie vijana wa mitandao, kusoma kote huko, mmeshindwa kutafuta njia nyingine?

"Shikamoo mzee," akasema. "Njia tumezitafuta zote. Rauta haichimbi mtaro."

Akaenda kulala.

Mimi nikabaki nikifikiria Kampala na Nairobi. Jumuiya ilipokufa 1977, na mpaka na Kenya ukafungwa mpaka 1983, tulisimama majukwaani tukasema kila mtu na lwake. Nusu karne baadaye, bahari ilipotukata, msaada ukapita palepale tulipofunga. Njia hizo za mpakani zipo kwa sababu kuna watu walioamua kuzichimba. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa 2009, ulivutwa kwa makusudi hadi kwenye mipaka ya majirani. Huo ulikuwa uamuzi wa bajeti, wa mikataba, wa sululu.

Sasa narudi kwa vijana wa stendi. Ukisimama nje ya geti la Magufuli jioni utamkuta mwenye shahada ya uhasibu anauza chaja na vifuniko vya simu. Asubuhi alikuwa dalali wa viwanja vya Kibamba na Msakuzi. Usiku anaendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu. Dada yake anauza nguo Instagram, mteja asipoonekana anahamia keki, keki zisipolipa anahamia kusuka. Njia ikifa asubuhi, mchana wameshahama. Hawangoji barua ya mtu. Habari ya wapi kuna kibarua hupitishana wao kwa wao, jirani kwa jirani, na mara nyingine habari ni ya uongo kama ile ya Pakistan na wanaumia, kama walivyoumizwa na upatu wa mitandaoni. Mwenye macho hawezi kuniambia hawa hawajajiongeza. Nimeishi na vizazi vitatu. Hiki ndicho chenye wepesi kuliko vyote, na wepesi huo kizazi changu hakikuwa nao kwa sababu hakikuuhitaji.

Lakini ukiwatazama vizuri wote wanapishana kwenye vijia vilevile vitatu vinne: udalali, bodaboda, umachinga, biashara ya simu. Wamejaa humo kama pakiti za Mei. Anayeshindwa kupita tunasema mvivu.

Sisi wa Mbezi tunapaswa kulijua hili kuliko watu wengine. Kwa miaka mingi kutoka huku kwenda mjini kulikuwa na Morogoro Road peke yake. Kimara kukifunga, tumefunga wote. Jangwani kukijaa maji, dereva awe malaika hatafika Kariakoo. Hakuna aliyewaambia madereva wajiongeze. Barabara ya Goba ikawekwa lami, ya Malamba Mawili hadi Kinyerezi ikawekwa lami, na madereva walewale ghafla wakawa na akili. Kisha ikapanuliwa Morogoro Road yenyewe, kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, na kwa ajili hiyo nyumba za watu zilibomolewa mwaka 2017. Nawajua majirani waliolala nje na makabati yao. Njia huwa na gharama na kuna mtu huilipa. Kuwaambia wengine wajiongeze ni bure, ndiyo maana tunalipenda neno hilo.

Mjukuu hakubaliani nami kwa yote. Anasema nawaonea huruma kupita kiasi. Anasema ile TIX ilichimbwa na vijana bila kungoja wazee, na kwamba hata BGP haikutoka makao makuu ya mtu yeyote. Nikamwambia ni kweli, lakini waliochora kwenye karatasi za mgahawa walikuwa waajiriwa wa Cisco na IBM, mshahara wa mwezi ule upo mfukoni. Akasema, "Babu, na wewe hukubali kushindwa." Ubishi huo bado haujaisha.

Pengine utaishia kwenye simu, maana ameitwa kufanya kazi Fujairah, kule Falme za Kiarabu, mji ambako mikongo mingi ya bahari inakutana. Fundi wa njia anapenda mahali penye njia. Mama yake alikuja kwangu juzi, akaniomba nimkalishe kijana chini nimshawishi abaki, kwa kuwa mimi ananisikiliza. Nilimwuliza akibaki atampa nini ambacho Fujairah hawana, akanitazama tu. Nikamwambia atafute begi jipya, lile la zamani zipu yake ilishaharibika.